Uzi wa Alumini Ukifa Kwenye Injini ya Pikipiki: Bolti Kubwa, Koili, Bushi au Kuchomelea?

Mtu anayeihudumia pikipiki yake mwenyewe nyumbani hukutana na kosa hili mapema kuliko makosa mengine mengi. Anarudisha bolti ya kumwagia oili, inakaza vizuri, anaongeza robo mzunguko ili kujiridhisha, na ghafla ukinzani unapotea na bolti inaanza kuzunguka bure. Akiichomoa, anaona mifereji yake imejaa ukanda mwembamba wa alumini unaong'aa, uliojizungusha kufuata uzi tangu mwanzo hadi mwisho. Bolti ya chuma kwa kawaida haina jeraha lolote. Kilichokufa ni uzi uliochongwa ndani ya kasha la injini.

Kosa hili ni dogo na linarekebishika, lakini njia za kulirekebisha zinatofautiana sana, na gereji nyingi humpa mteja ile ambayo fundi ana vifaa vyake siku hiyo. Kipimo ninachokitumia katika ulinganisho huu ni kimoja, nacho ni kiasi cha alumini ambacho kila njia inakila na uzi gani inauacha mahali pake. Alumini iliyokwisha kutobolewa hairudi, isipokuwa kwa kuchomelea, na kuchomelea kuna matatizo yake. Kwa hiyo njia mbaya ya leo huweza kuifunga njia nzuri ya kesho.

Njia mbili zisizokula chochote

Kabla ya kufikiria kutoboa, ni lazima kujua ni kiasi gani cha uzi kimekufa. Bolti inapokazwa, uzi wa kwanza ulio karibu na kichwa hubeba takriban theluthi moja ya mzigo wote, na mzigo hupungua kadiri unavyoingia ndani. Ndiyo maana uharibifu huanzia mdomoni mwa tundu, na wakati mwingine huishia hapo, hasa pale bolti ilipoingizwa ikiwa imepinda na mtu akailazimisha kwa spana badala ya kuianzisha kwa vidole. Katika hali hiyo uzi mmoja au miwili ya mwanzo imeumia, ya ndani ni mizima, na kinachohitajika ni kupitisha tapu (kifaa cha kuchongea uzi wa ndani) ya saizi ileile, polepole, ili inyooshe uzi uliolala. Hapa tapu haichongi kitu kipya, inaufuata uzi uliopo. Ukiona theluthi mbili ya kina cha uzi bado ni kizima, hii ndiyo njia ya kuchagua, na hakuna sababu ya kumlipa mtu kwa zaidi ya hapo.

Njia ya pili ni bolti ndefu zaidi. Matundu mengi ya bolti za vifuniko vya pembeni yamechongwa ndani zaidi ya mahali bolti ya kiwandani inapofika, na uzi wa chini haujawahi kuguswa. Ingiza spoku nyembamba ya baiskeli mpaka igote, weka alama kwa kucha, kisha linganisha na urefu wa bolti ukiondoa unene wa kifuniko. Ikiwa kuna milimita 6 au zaidi za ziada, bolti iliyozidi kwa milimita 5 inaweza kumaliza kazi. Hatari yake ni moja: bolti ikigota chini kabla kichwa hakijakibana kifuniko, mkazo wote unakwenda kwenye ukuta wa ndani wa kasha, na ukuta huo ukipasuka umeongeza tatizo kubwa juu ya dogo. Acha nafasi ya angalau milimita 1 chini. Njia hii haifai kwa bolti ya oili wala kwa plagi, kwa sababu matundu hayo yanatoboka moja kwa moja hadi ndani ya injini.

Bolti ya kumwagia oili

Hapa ndipo ulinganisho una uzito. Bolti hii hufunguliwa mara nyingi kuliko nyingine zote kwenye injini. Mwendesha bodaboda anayebadilisha oili mara mbili kwa mwezi huifungua mara 24 kwa mwaka, ilhali mwenye pikipiki ya kwendea kazini huenda akaifungua mara tatu au nne tu. Tofauti hiyo peke yake inatosha kubadili jibu.

Tuchukue saizi inayopatikana kwenye Honda CG125 na injini nyingi zilizofuata muundo wake: bolti ya M12, yaani kipenyo cha milimita 12, yenye hatua ya uzi, yaani umbali kutoka jino moja la uzi hadi linalofuata, ya milimita 1.5. Ni muhimu kupima kwa venia (kifaa cha kupimia kipenyo na unene) na kipimio cha hatua ya uzi, kwa sababu gereji zetu huita bolti kwa namba ya spana inayoifungua, wala si kwa kipenyo cha uzi wake. "Bolti namba 10" ni M6, na "namba 12" mara nyingi ni M8. Ukienda Gerezani Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi kuulizia tapu kwa namba ya spana, utarudi na kitu kisichohusiana na tundu lako.

Chaguo linalopendekezwa haraka kuliko yote ni kupanda saizi: kutoboa hadi milimita 12.5, kuchonga uzi wa M14 wa hatua ileile ya 1.5, na kununua bolti ya M14. Faida zake ni za kweli. Inahitaji tapu moja na bolti moja, kazi inakwisha kwa muda mfupi, na mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kuifanya mwenyewe. Hata hivyo, uzi mpya ni wa alumini ileile iliyokufa mara ya kwanza, na utakufa kwa sababu ileile ikiwa mazoea ya kukaza hayakubadilika. Tena bolti kubwa humshawishi mtu kuongeza nguvu, ilhali washa, ile pete bapa chini ya kichwa cha bolti inayozuia oili, haihitaji nguvu zaidi ya awali.

Chaguo la pili ni koili, inayojulikana kwa wauzaji wa vifaa kama helikoili. Ni waya wa chuma kisichoshika kutu uliokunjwa kama springi, wenye umbo la pembe ndani na nje, unaoingizwa kwenye tundu lililochongwa kwa tapu yake maalumu. Kwa M12 ya hatua ya 1.5, tundu hutobolewa hadi karibu milimita 12.4, na tapu ya koili huchonga hadi karibu milimita 14. Linganisha namba hizo na za bolti ya M14: kiasi cha alumini kinacholiwa ni karibu sawasawa. Ila mwisho wa kazi, njia moja inakuachia uzi wa alumini na bolti isiyo ya kiwandani, na nyingine inakuachia uzi wa chuma na bolti yako ya asili. Kwa gharama ileile ya alumini, sioni sababu ya kuchagua M14 isipokuwa pale koili haipatikani kabisa, au pikipiki inatakiwa barabarani jioni hiyohiyo na mwenye nayo amekubali kwamba ni suluhisho la muda.

Udhaifu wa koili upo mahali pawili. Kwanza, ina kijipini chini yake ambacho kifaa cha kuingizia hukishika, na kijipini hicho huvunjwa baada ya koili kukaa. Kwenye tundu la oili kipande hicho kinaweza kuangukia ndani ya injini, kwa hiyo kishikwe kwa koleo yenye mdomo mrefu kabla ya kuvunjwa, au kisukumwe huku oili ya kusuuzia ikiwa inamiminika nje. Pili, koili inashikiliwa na kule kutaka kwake kutanuka tu. Bolti inayofunguliwa kila wiki mbili, ikiwa na uchafu kidogo kwenye uzi, siku moja huweza kutoka pamoja na koili yake. Jambo hilo halimaanishi kwamba kazi imeharibika, kwani koili mpya huingia kwenye tundu lilelile, lakini mwenye bodaboda hapendi kukutana nalo saa 12 asubuhi.

Ndipo linapokuja chaguo la tatu, bushi. Fundi wa kukereza vyuma hutengeneza kipande cha mviringo chenye uzi wa M16 nje na M12 ndani, kikiwa na ukingo juu unaokizuia kisizame, na hukikaza kwenye tundu kwa gundi ya kufungia uzi inayostahimili joto. Zipo pia bushi za kiwandani, kama za Time-Sert, ambazo uzi wake wa chini hutanuliwa na kifaa cha kuingizia ili zijifunge zenyewe, lakini kwa wengi wetu bushi ni kazi ya mashine ya kukereza. Bushi iliyokaa vizuri haitoki na bolti, na kwa tundu linalofunguliwa mara 24 kwa mwaka hakuna kinachoishinda.

Bei yake ni alumini. Kutoka M12 hadi M16 ni milimita 2 kila upande, na nundu ya kasha inayolizunguka tundu lazima iweze kuzitoa. Pima unene wa nundu hiyo kwa venia: mimi siridhiki ikiwa ukuta utakaobaki utakuwa chini ya milimita 3. Jambo la pili ni madini ya bushi yenyewe. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha kawaida: takriban sehemu 23 kwa milioni kwa kila nyuzijoto moja ya Selsiasi, dhidi ya 12 za chuma. Shaba nyeupe, ile ya rangi ya dhahabu inayokerezwa kuwa bushi na viungio vya mabomba, iko karibu na 19. Injini inapochemka, tundu la alumini hulegea zaidi juu ya bushi ya chuma kuliko juu ya bushi ya shaba nyeupe. Kwa hiyo mwambie fundi akuchongee ya shaba nyeupe, hata kama ana kipande cha chuma tayari mezani.

Uamuzi wangu kwa bolti ya oili ni huu: pikipiki ya biashara yenye nundu nene ipate bushi ya shaba nyeupe yenye ukingo, pikipiki ya matumizi ya kawaida, au yenye nundu nyembamba, ipate koili. Wala usianze na M14 kwa nia ya kufanya bushi baadaye, kwa sababu ukitaka kuendelea na bolti hiyo ya M14, bushi itakayofuata haitakuwa tena ya nje M16 bali M18, na nundu ambayo ingetosha mara ya kwanza huenda isitoshe mara ya pili.

Kuna mbinu nyingine inayotumika sana, nayo ni kuifunga bolti kwa tepu nyeupe ya mabomba ya maji ili ijaze nafasi. Hii haimo katika ulinganisho kwa sababu haishiki kitu. Bolti iliyokufa uzi inakaa kwa msuguano tu, mtikisiko wa barabara unaitoa, na vipande vya tepu huingia kwenye oili na kukwama kwenye chujio. Injini ikimwaga oili yote ukiwa kwenye mwendo, gharama inahama kutoka kwenye tundu moja hadi kwenye pistoni, silinda na fimbo ya kranki.

Tundu la plagi

Plagi inafanana na bolti ya oili kwa kufunguliwa mara kwa mara, lakini inaishi kwenye joto na mgandamizo, na hilo linabadilisha mpangilio wa machaguo. Sehemu kubwa ya joto la plagi hutoka kupitia uzi na kikalio chake kwenda kwenye hedi (kichwa cha silinda), kwa hiyo chochote kinachowekwa katikati lazima kigusane vizuri na alumini. Gundi haiwezi hata kufikiriwa.

Saizi yake inasomeka kwenye plagi yenyewe. Katika plagi za NGK, herufi ya kwanza ya kundi hili hutaja kipenyo: C ni milimita 10, D ni 12 na B ni 14. Herufi H baada ya namba huonyesha uzi wenye urefu wa milimita 12.7, na E huonyesha milimita 19. Hivyo D8EA ni plagi ya milimita 12 yenye uzi wa milimita 19, na C7HSA ni ya milimita 10 yenye uzi wa 12.7. Urefu huu ni wa lazima kuujua kabla ya kununua koili au kuagiza bushi: kipande kikitokeza ndani ya chumba cha kuchomea huwaka wekundu na kuwasha petroli kabla ya wakati wake, na kikiwa kifupi, masizi hujaa kwenye uzi uliobaki wazi na plagi inayofuata inagoma kuingia.

Koili inafaa hapa ikiwa kikalio cha plagi, yaani uso bapa ambao washa ya plagi inabana, bado ni kizima. Koili lazima izame chini ya uso huo kwa robo hadi nusu ya mzunguko, la sivyo washa itabana juu ya waya na mgandamizo utavuja. Ikiwa kikalio kimechunwa, na mara nyingi huchunwa pale mtu alipoilazimisha plagi iliyopinda, koili haitibu hilo, ilhali bushi yenye ukingo inaleta uzi mpya na kikalio kipya kwa wakati mmoja. Kwa plagi, basi, ninaiweka bushi mbele ya koili, kwa sharti kwamba fundi anaifanya hedi ikiwa mezani, imefungwa kwenye mashine, tundu likiwa limenyooka. Bushi iliyopinda kidogo inaipindisha plagi yote.

Je, hedi itolewe au ibaki? Kwa kusafisha uzi tu inaweza kubaki, tapu ikiwa imepakwa grisi nzito kwenye mifereji yake ili inase vumbi la alumini, na itolewe na kufutwa kila baada ya mizunguko michache. Kwa kutoboa, hedi itolewe. Ninajua hilo linamaanisha gasketi mpya na, kwa injini zenye kemshafti juu, kupanga upya mnyororo wa taimingi. Bado ni nafuu kuliko chembe za alumini kuchana ukuta wa silinda.

Bolti ndogo za vifuniko na stadi za ekzosi

Hapa hakuna mjadala mrefu. Bolti za M6 zinazoshika kifuniko cha klachi na cha magneti zina nundu nyembamba, na kupanda hadi M8 kunakula hadi milimita 8, ilhali koili ya M6 inaishia karibu milimita 7.3. Aidha, M8 inakulazimu upanue tundu la kifuniko, na kichwa chake huenda kisitoshe mahali pake. Bolti ndefu ijaribiwe kwanza, kisha koili. Kwa stadi za ekzosi kwenye hedi, yaani bolti zisizo na kichwa zinazoshika bomba la moshi, pia ni koili, kwa sababu stadi ikishaingia haifunguliwi mara kwa mara, na uzi wa chuma kisichoshika kutu unavumilia joto na baridi kuliko ule wa asili.

Kuchomelea na gundi ya chuma

Kuchomelea ndiyo njia pekee inayorudisha alumini, na ndiyo njia pekee inayobaki pale nundu ilipopasuka. Inahitaji mashine ya gesi ya agoni yenye umeme wa mkondo geu, kasha lililofunguliwa na kuoshwa hadi oili iliyojipenyeza kwenye vitundu vya alumini imetoka, na fundi aliyezoea alumini ya kumimina. Joto lake linaweza kupinda uso wa gasketi na hulainisha eneo linalozunguka tundu. Kisha, baada ya kazi hiyo yote, tundu hutobolewa na kuchongwa uzi wa alumini kama wa mwanzo. Ninaipendekeza kwa ufa tu, na hata hapo ninashauri koili iwekwe kwenye alumini mpya. Kabla ya kukubali bei, uliza bei ya kasha lililotumika lakini zima. Kwa pikipiki zilizozagaa kama Bajaj Boxer au TVS HLX, kasha linaweza kuwa nafuu kuliko kuchomelea.

Gundi ya chuma yenye sehemu mbili inavutia kwa sababu inauzwa kila duka la vifaa. Gundi nyingi za kawaida za aina hiyo huanza kupoteza nguvu kati ya nyuzijoto 60 na 80, na oili ya injini inayopozwa kwa hewa inaweza kupita nyuzijoto 100. Matumizi yake yanayokubalika ni kushikilia bolti ya kifuniko isiyozuia oili mpaka ufike mjini.

Ufanye mwenyewe au umpe fundi?

Koili ya M6 na kusafisha uzi ni kazi za nyumbani. Tumia mafuta ya taa kama kilainishi, kwa maana yanafaa sana kwa alumini, zungusha tapu nusu mzunguko mbele na robo nyuma, na hakikisha kwa pembemraba kwamba imesimama wima pande mbili. Koili ya bolti ya oili pia inawezekana nyumbani, pikipiki ikilazwa ubavu juu ya tairi kuukuu baada ya petroli kutolewa na betri kuondolewa, ili tundu likutazame. Bushi na plagi ni za mashine.

Kwa vyovyote vile, baada ya kuchonga uzi wa tundu la oili mimina kiasi kidogo cha oili ya bei nafuu kupitia mdomo wa juu huku tundu likiwa wazi, na urudie mpaka kinachotoka kisiwe na mng'ao wa alumini kwenye kitambaa cheupe. Usiiwashe injini kabla ya hapo.

Mkazo wa bolti ya M12 ya oili huwa karibu nyutonimita 25 hadi 30, wa M6 ni 10 hadi 12, wa plagi ya milimita 12 ni 15 hadi 20, na kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Nyutonimita 30 ni kama kuweka uzito wa kilo 15 kwenye ncha ya spana yenye urefu wa sentimita 20. Mtu akiongezea bomba hadi sentimita 60 na kutumia nguvu ileile, anafika karibu 90, na hapo hata koili haitaiokoa alumini iliyo nyuma yake. Weka washa mpya ya shaba au alumini, kwa sababu iliyokwisha kubanwa mara moja imekuwa ngumu na huvuja, na ni uvujaji huo unaomfanya mtu aongeze nguvu. Endesha mpaka injini ipate joto, iache ipoe, kisha futa tundu na uliangalie kesho yake. Likiwa na unyevu, badili washa tena kabla ya kugusa spana.